Kabla ya Kuzidisha: Mwongozo Kamili wa Vizidishi vya Uzito katika Dozi ya Mfanyakazi wa Mionzi

Nilikabidhiwa daftari la dozi la kituo kimoja hapa Moshi, daftari la jalada gumu lenye mistari iliyopigwa kwa rula, na ukurasa wa kwanza tu nikakwama. Safu ya kwanza ilikuwa majina. Ya pili, beji ya kupimia mionzi anayoivaa mfanyakazi ilisoma ngapi. Ya tatu ilikuwa na alama ileile kutoka juu hadi chini: "× 0.12". Ya nne, jibu. Radiografa, mpiga picha za eksirei, ambaye beji yake ilisoma 2.9 mSv (milisieverti, kipimo cha dozi) kwa miezi mitatu alikuwa ameandikiwa 0.35.

Aliyelitunza daftari hilo kabla yangu hakuwa mvivu wala mdanganyifu. Alisoma mahali kwamba mapafu na matiti yana kizidishi cha 0.12, akaona beji inavaliwa kifuani, akaunganisha mambo mawili. Hesabu zake zilikuwa safi, zimehakikiwa kwa penseli. Lakini zilikosewa kila mstari, kwa miaka mitatu.

Ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa ajili ya wenzangu wa Moshi na Arusha wanaotunza madaftari ya namna hii: radiografa, wauguzi wa chumba cha upasuaji, maafisa wa kinga ya mionzi, na hata mafundi wa vipimo vya barabara. Swali la kujiuliza katika kila hatua ni moja: kabla sijazidisha, je, kuna mtu ameshazidisha?

Neno moja, vitu vitatu

Sote tunasema "dozi", na hapo ndipo tunapopotezana.

Kuna dozi iliyofyonzwa, yaani nishati ambayo mionzi imeiacha ndani ya kila kilo ya kitu ilichokipiga. Kipimo chake ni grei (Gy), jouli moja kwa kilo moja. Dozi hii haijali kama kilichopigwa ni ini la mtu au gogo la mti.

Kuna dozi linganifu. Grei moja ya chembe za alfa ndani ya pafu ina madhara makubwa kuliko grei moja ya eksirei, kwa sababu alfa husafiri masafa mafupi mno na kumwaga nishati yake yote kwenye seli chache. Kwa hiyo tunazidisha dozi iliyofyonzwa kwa kizidishi cha mionzi, na jibu linaitwa sieverti (Sv), kwa heshima ya Rolf Sievert, mwanafizikia wa Sweden. Kazini tunatumia elfu yake, milisieverti (mSv).

Halafu kuna dozi fanisi. Viungo havina wepesi sawa wa kudhurika. Unachukua dozi linganifu ya kila kiungo, unaizidisha kwa kizidishi cha tishu cha kiungo hicho, kisha unajumlisha vyote. Jumla hiyo ndiyo inayolinganishwa na kikomo cha mfanyakazi: 20 mSv kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, na mwaka wowote mmoja usizidi 50.

Vizidishi vyote hivi hupangwa na Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, ICRP. Ninavyotumia hapa ni vya Chapisho lake namba 103 la mwaka 2007. Uandike mwaka huo kwenye jalada la daftari lako. Sababu yake utaiona mbele.

Hatua ya 1: Ijue beji yako inasema nini

Ukiifungua ile beji ya TLD, yaani ya fuwele zinazotoa mwanga zikipashwa joto (usiifungue, nakusimulia tu), utakuta vipande vidogo vya fuwele, mara nyingi ya litiamu floraidi, vimekaa nyuma ya vichujio tofauti. Mionzi ikipita humo, baadhi ya elektroni hunaswa ndani ya fuwele na kubaki zimenaswa wiki hadi wiki. Beji ikifika maabara, kama ile ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) pale Arusha, fuwele hupashwa joto la nyuzi zaidi ya 200 za Selsiasi. Elektroni huachiliwa, na fuwele hutoa mwanga hafifu. Mwanga huo ndio unaopimwa. Ukiwa mwingi, dozi ilikuwa kubwa.

Lakini mwanga wenyewe si milisieverti. Ili kuugeuza, maabara huwa na beji zilizopigwa kwa kiasi kinachojulikana cha mionzi, mara nyingi gama ya sesiamu-137, zikiwa zimebandikwa juu ya bonge la maji au plastiki la sentimita 30 kwa 30 kwa 15 linalosimama badala ya kiwiliwili cha mtu. Kwa hiyo namba unayopokea kwenye ripoti, ile iliyoandikwa Hp(10), ni dozi katika kina cha milimita 10 ndani ya mwili, na tayari iko kwenye sieverti. Ile ya Hp(0.07) ni ya ngozi, kina cha milimita 0.07. Hp(3) ni ya lenzi ya jicho.

Hp(10) ilibuniwa makusudi isimame badala ya dozi fanisi pale mwili unapopigwa sawasawa kutoka mbele. Haitaki 0.12 yako wala ya mtu mwingine. Kama mfanyakazi havai aproni ya risasi (ile metali nzito inayozuia mionzi) na mionzi inamfikia mwili mzima, beji ikisoma 2.9 unaandika 2.9, basi. Ukilishika hili moja tu, umeshaepuka kosa la lile daftari.

Hatua ya 2: Safisha usomaji

Hapa nitapita haraka. Kila kundi la beji huja na beji ya kulinganisha. Hiyo hukaa ofisini mbali na mashine, isivaliwe na mtu, na hurudi maabara pamoja na nyingine. Kazi yake ni kubeba mionzi ya asili, ya ardhini na ya angani, ili iondolewe kwenye usomaji wa wengine. Isikae Dar es Salaam wakati nyingine ziko Arusha: mionzi ya angani huongezeka kadiri unavyopanda, na Arusha iko mita kama 1,400 juu ya bahari.

Angalia ripoti kama mionzi ya asili imeshaondolewa au bado. Ukiiondoa mara ya pili, umemwibia mfanyakazi dozi yake. Beji zisiachwe kwenye dashibodi ya gari juani, maana joto huachilia elektroni kabla ya wakati. Na ukizisafirisha kwa ndege kupitia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, omba zisipite kwenye mashine ya kukagulia mizigo, kwani ile nayo ni eksirei.

Hatua ya 3: Mionzi ni ya aina gani?

Vizidishi vya mionzi ni hivi: eksirei na gama, 1. Elektroni, yaani beta, 1. Protoni, 2. Alfa, 20. Neutroni hazina namba moja. Zinafuata mchirizo unaoanzia 2.5 kwa zile za nishati ndogo, unapanda hadi karibu 20 kwenye nishati ya kama MeV 1 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe), kisha unashuka tena.

Kwa chumba cha eksirei habari imeisha: ni 1. Miligrei moja ni milisieverti moja. Shida huanza ukitoka hospitalini.

Fundi anayepima ushindiliaji wa barabara kwa kile kifaa cha sanduku la njano hubeba chanzo cha gama, sesiamu-137, na mara nyingi pia chanzo cha neutroni, amerisiamu iliyochanganywa na berili, cha kupimia unyevu. Beji ya kawaida ya eksirei huisoma gama vizuri, na neutroni inaweza kuisoma vibaya au isiione kabisa. Usijaribu kuokoa hali kwa kuzidisha usomaji wa gama mara kumi au ishirini. Omba beji inayopima neutroni.

Alfa ndiyo inayochanganya watu zaidi. Kizidishi chake ni kikubwa, lakini beji haiioni, kwa sababu alfa huzuiwa na karatasi au tabaka la juu la ngozi. Hatari yake ni pale inapoingia kwa pumzi. Kwetu si jambo la vitabuni: fosfati ya Minjingu ina urani, na vumbi lake huvutwa. Kwenye mashimo ya chini ya ardhi kama yale ya Mererani, gesi ya radoni hukusanyika popote hewa inapokosa kuzunguka. Tuseme pafu la mchimbaji limefyonza miligrei 0.5 za alfa. Dozi linganifu ya pafu ni 0.5 × 20, sawa na 10 mSv. Mchango wake kwenye dozi fanisi ni 10 × 0.12, yaani 1.2 mSv. Beji iliyoning'inia kifuani kwake inaweza kusoma karibu na sifuri muda wote huo.

Hatua ya 4: Vizidishi vya tishu, na mahali pake

Hivi hapa, kwa Chapisho 103:

0.12 kila kimoja: uboho mwekundu, utumbo mpana, mapafu, mfuko wa chakula, matiti, na kundi la viungo vilivyobaki kwa pamoja
0.08: korodani au ovari
0.04 kila kimoja: kibofu cha mkojo, umio, ini, tezi dundumio ya shingoni
0.01 kila kimoja: uso wa mifupa, ubongo, tezi za mate, ngozi

Chukua kalamu ujumlishe. Sita za 0.12 ni 0.72. Ongeza 0.08, unapata 0.80. Nne za 0.04 ni 0.16, jumla 0.96. Nne za 0.01, jumla 1.00. Hiyo moja kamili ndiyo siri ya jambo zima. Mtu akipigwa mwili mzima sawasawa 1 mSv, kila kiungo hupata 1 mSv, vizidishi vinajumlika kuwa moja, na dozi fanisi ni 1 mSv. Vizidishi ni mgao wa kitu kizima. Ukichukua 0.12 peke yake ukaacha nyingine zote, umesema kwamba mapafu ndiyo yaliyokuwa kazini siku hiyo na viungo vingine vilibaki nyumbani.

Vinatumika pale unapojua dozi ya kiungo kimojakimoja. Mfano: tezi dundumio peke yake imepata 10 mSv, mchango wake ni 10 × 0.04 = 0.4 mSv. Beji ya kifuani haikupi dozi ya pafu. Inakupa Hp(10).

Namba hizi zinatoka wapi? Sehemu kubwa ni kwa manusura wa Hiroshima na Nagasaki wa mwaka 1945, ambao afya zao zimefuatiliwa kwa miongo mingi. Ni namba zilizokadiriwa na kurahisishwa, kwa wastani wa wanaume na wanawake na wa rika zote. Ndiyo sababu zinabadilika. Mwaka 1977 viungo vya uzazi vilipewa 0.25, mapendekezo ya 1990 yakasema 0.20, ya 2007 yakashusha hadi 0.08, kwa kuwa madhara ya kurithiwa hayakuonekana kwa watoto wa manusura kwa kiwango kilichohofiwa. Matiti yalianza 0.15, yakashuka hadi 0.05, yakapanda tena hadi 0.12. Ukichanganya vizidishi vya miaka miwili tofauti kwenye ukurasa mmoja, jumla haitakuwa moja tena. Ndiyo maana nilikuomba uandike mwaka kwenye jalada.

Hatua ya 5: Aproni ya risasi na beji mbili

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa nitakaa.

Ajali za bodaboda haziishi, na mfupa unaoungwa kwa chuma mara nyingi unahitaji ile mashine ya eksirei ya mkono wa C ndani ya chumba cha upasuaji. Daktari na muuguzi husimama karibu na mgonjwa wakiwa na aproni za risasi. Mwili wao haupigwi sawasawa tena: kiwiliwili kimefichwa, kichwa, shingo na mikono viko wazi. Beji moja haiwezi kuisimulia hali hiyo. Ikikaa ndani ya aproni, haijui kichwa kimepata nini. Ikikaa nje, inadai mwili mzima umepigwa kama shingo.

Kwa hiyo weka mbili: moja nje ya aproni kwenye ukosi, usawa wa shingo, ya pili ndani ya aproni kiunoni. Kisha unganisha kwa kanuni. Inayofahamika sana ni ile ya ripoti namba 122 ya mwaka 1995 ya NCRP, baraza la Marekani la kinga ya mionzi:

Dozi fanisi = 0.5 × (beji ya ndani) + 0.025 × (beji ya ukosini)

Tuchukue muuguzi. Kwa miezi mitatu beji ya ndani imesoma 0.6 mSv, ya ukosini 8.4 mSv.

0.5 × 0.6 = 0.30
0.025 × 8.4 = 0.21
Jumla = 0.51 mSv

Kwa mwaka, akiendelea hivyohivyo, ni 2.04 mSv. Ungeandika beji ya ukosini ilivyo, ungepata 33.6 mSv kwa mwaka na kumsimamisha kazi mtu ambaye kwa dozi fanisi yuko mbali na kikomo. Kama beji ni moja tu na iko ukosini juu ya aproni, ripoti hiyohiyo inaruhusu kugawanya kwa 21: 8.4 ÷ 21 = 0.4 mSv. Ni makadirio dhaifu zaidi, kwa hiyo mimi nashikilia beji mbili.

Angalia kwamba hizi 0.5 na 0.025 si vizidishi vya tishu vya ICRP. Ni vizidishi vya beji, vilivyokokotolewa ili jumla ikaribie dozi fanisi, vikiwa vimeshazingatia viungo vilivyofichwa na vilivyo wazi. Usiviwekee 0.12 juu yake. Kuna kanuni nyingine za beji mbili zenye namba tofauti kidogo, nyingine zikitofautisha mwenye kinga ya shingo na asiye nayo. Chagua moja inayokubaliwa na msimamizi wako, iandike daftarini, usiibadilishe katikati ya mwaka.

Mtego wa kila siku ni beji kubadilishana nafasi. Kwa muuguzi wetu ingekuwa 0.5 × 8.4 + 0.025 × 0.6, yaani karibu 4.2 mSv badala ya 0.51. Dalili yake ni rahisi: beji ya ndani ikisoma zaidi ya ile ya nje, usihesabu chochote mpaka umemuuliza mwenyewe. Sisi tunabandika utepe mwekundu kwenye ya nje.

Aproni isipohusika lakini mwili unapigwa upande mmoja, kwa mfano fundi anayeinamia chanzo, Marekani wana mpango wa kuugawa mwili: kichwa na shingo 0.10, kifua 0.38, tumbo na nyonga 0.50, na 0.005 kwa kila mkono wa juu na kila paja. Jumlisha, ni moja. Unatumika tu kama kila sehemu ilikuwa na beji yake.

Hatua ya 6: Jicho halimo kwenye orodha

Rudi kwenye orodha ya vizidishi utafute lenzi ya jicho. Haimo. Orodha ile ni ya saratani na madhara ya kurithiwa, na lenzi huharibika kwa njia nyingine, kwa kupata mtoto wa jicho. Kwa hiyo ina kikomo chake peke yake. Zamani kilikuwa 150 mSv kwa mwaka. Mwaka 2011 ICRP ilikishusha hadi 20 kwa wastani wa miaka mitano, bila kuvuka 50 kwa mwaka mmoja.

Sasa mtazame tena yule muuguzi. Dozi fanisi ni 0.51, na kila mtu amemwambia yuko salama. Lakini beji ya ukosini, isiyofunikwa na kitu, ndiyo iliyo karibu na macho yake, na ilisoma 8.4. Mara nne ni 33.6. Akienda hivyo miaka mitano, lenzi zake zimevuka kikomo kwa mbali, na safu ya dozi fanisi haitaonyesha kamwe.

Nilikaa na dada mmoja wa namna hiyo kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Nikamuuliza, "Dada, aproni inakulinda kifua. Macho je?" Akagusa miwani yake: "Si hii ninayo?" Ilikuwa ya kusomea. Miwani ya risasi ni mizito, ina mabawa pembeni, na hata hiyo hupunguza tu, kwa kuwa mionzi iliyotawanyika kutoka kwa mgonjwa huingia kwa pembeni na kwa chini. Pazia la risasi linaloning'inia kati ya mgonjwa na uso husaidia, na kurudi hatua moja nyuma daktari anapopiga picha husaidia pia.

Ngozi na mikono ni vivyo hivyo: kikomo cha 500 mSv kwa mwaka, kwa usomaji wa Hp(0.07) au pete ya kidoleni, bila kuzidisha kwa 0.01. Na mjamzito akishatoa taarifa, anayehesabiwa ni mtoto, kwa kikomo cha 1 mSv kwa muda uliobaki. Beji yake ikae tumboni chini ya aproni, isomwe kila mwezi.

Hatua ya 7: Kilichoingia mwilini

Kwa wanaoshika dawa za mionzi, kama ayodini-131, dozi ya ndani hupatikana kwa kuzidisha bekereli zilizoingia (bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kwa sekunde) kwa namba ya jedwali. Kwa ayodini-131 iliyomezwa na mtu mzima, jedwali la ICRP la miaka ya 1990 lina 2.2 × 10⁻⁸ Sv kwa kila bekereli. Bekereli 10,000 ni 0.22 mSv.

Je, uzidishe tena kwa kizidishi cha dundumio? Hapana, na unaweza kujihakikishia. Jedwali hilohilo linaipa tezi yenyewe 4.3 × 10⁻⁷, yaani 4.3 mSv kwa bekereli zilezile. Zidisha kwa 0.05, kizidishi cha mwaka 1990, unapata 0.215. Karibu yote ya 0.22 imetoka hapo. Kizidishi kimeshaliwa ndani ya namba. Dozi hii ya ndani unaijumlisha moja kwa moja na ya beji.

Hatua ya 8: Daftari lenyewe

Kila mstari uwe na: usomaji ghafi kama ulivyotoka maabara, beji kwa beji, mahali beji ilipovaliwa, kanuni iliyotumika, au neno "hakuna", dozi fanisi, jicho, mikono, jumla ya mwaka. Usomaji ghafi usifutwe kamwe. Kanuni itabadilika na vizidishi vitabadilika, lakini mwenye usomaji ghafi anaweza kuhesabu upya hata baada ya miaka thelathini.

Lile daftari la Moshi liliokolewa na jambo hilo. Ripoti za maabara zilikuwa zimetunzwa kwenye faili, tukazirudia zote. Yule radiografa wa 2.9 alikuwa na robo nne zinazofanana: 11.6 mSv kwa mwaka, si 1.4. Hakuvuka kikomo, lakini wenzake walikuwa chini ya 2, na 0.35 haikuwahi kumfanya mtu amuulize chochote.

Tulipomuuliza, alitupeleka kwenye mashine ya kutembezwa wodini. Waya wa kufyatulia ulikatika, fundi akaunga kipande kilichobaki, na tangu hapo alikuwa akisimama hatua moja tu kutoka kwa mgonjwa, bila aproni kwa kuwa ilibaki chumba kikubwa. Ukafungwa waya mrefu mpya, na aproni ikatundikwa kwenye mashine yenyewe. Beji ya miezi mitatu iliyofuata ilisoma 0.4.